Mbwa Huyu Tumwite Nani?

Majina ya mbwa mtaani ni machache. Tembea Makongeni jioni, saa ile watu wanafungulia mbwa, na utasikia Simba, Tommy, Jimmy, Bosco, Poppy, Tiger. Nenda Ngoingwa, kwenye nyumba za geti nyeusi na maua yaliyokatwa vizuri, na majina yanapanda bei kidogo: Rex, Max, Bella. Lakini kuna majina ambayo hutayasikia Makongeni wala Ngoingwa. Hutasikia mtu akiita mbwa Kamau. Wala Mutua, wala Otieno, wala Wanjiku.

Hakuna mahali sheria hii imeandikwa, na bado kila mtu anaijua. Mwite mbwa wako Kamau leo, na kesho asubuhi kutakuwa na mzee mlangoni kwako akitaka maelezo. Na atakuwa na haki. Kwa Wakikuyu, mtoto hapewi jina kwa sababu linasikika vizuri. Mvulana wa kwanza anachukua jina la babake baba, wa pili la babake mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ndiyo maana utamsikia mwanamume mzima akimwita mtoto wake wa miaka mitatu "baba" bila kucheka. Kwake yeye, baba amerudi. Jina ni kama kiti: kuna mtu alikikalia kabla yako na kuna mwingine atakikalia ukiondoka. Sasa wewe unaleta mbwa akikalie.

Kwa hivyo mbwa wetu tunawapa majina ya mbali, ya sinema na ya Wazungu. Simba peke yake ndiye wa hapa, na yeye ni mnyama mwenzao.

Swali langu ni hili: vipi kuhusu jina la mtu mkubwa wa historia? Mtu aliyekufa zamani, ambaye sote tunasema tunamheshimu, na ambaye tunajidai ni wetu sote. Ukimpa mbwa jina lake, umemheshimu ama umemtusi?

Sikulipata swali hili kitabuni. Fundi mmoja wa pikipiki alinipa kijibwa cha wiki nane, cheusi chenye kifua cheupe, koko kabisa, hana karatasi wala ukoo. Daktari wa mifugo alipokuja baadaye kuchanja mbwa wa ploti dhidi ya kichaa cha mbwa, alitoa kadi, akaandika tarehe, akaandika rangi, kisha akauliza jina. Nikamwambia aache pale wazi kwanza. Jina lililokuwa kichwani mwangu lilikuwa Kimathi.

Sababu zangu hazikuwa mbaya. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kulipika, na kitu kikubwa nilichotoka nacho kule ni mazoea ya kusoma historia usiku. Dedan Kimathi namheshimu kuliko watu wengi ambao sura zao zimewahi kukaa kwenye noti za nchi hii. Aliongoza wapiganaji katika misitu ya Nyandarua. Alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kamiti si mbali na Ruiru. Watu wanapita upande ule kila siku wakienda kazini.

Nilifikiria hivi: mbwa anaitwa mara ishirini kwa siku. Jina la Kimathi litasikika kwenye ploti yetu mara ishirini kwa siku. Watoto watauliza ni nani, na nitawaeleza. Ni kitabu gani cha shule kinachofanya kazi hiyo?

Na kusema ukweli, barabara hazifanyi. Hapa Thika tuna barabara ya General Kago. Tuna pia mochari ya General Kago. Kago alikuwa mpiganaji wa Mau Mau upande wa Murang'a na aliuawa 1954. Lakini muulize kijana wa boda leo General Kago ni nani, na kuna atakayekujibu bila kusita kwamba hapo ndipo maiti huchukuliwa. Jina limebaki, mtu amepotea ndani yake. Na hakuna anayekasirika. Hakuna aliyeandamana kusema kwamba shujaa ametusiwa kwa kupewa chumba cha maiti. Sasa kama jina la shujaa linaweza kubandikwa kwenye jengo baridi la namna hiyo, kwa nini lisipewe kiumbe kilicho hai, kinachokukimbilia ukikiita?

Hiyo ndiyo hoja ya upande wangu, na sioni kwamba ni hoja ya kipumbavu. Nimeigeuza kwa wiki kadhaa. Wacha niiweke mbele yako uone inashikilia wapi na inavunjikia wapi.

Kitu cha kwanza ambacho mtu husema ni nia. Kama nia yako ni kumheshimu, basi umemheshimu, maneno yameisha. Ni jibu tamu. Lakini kuna kesi ya kweli inayolisumbua. Agosti 2016, katika jimbo la Ogun nchini Nigeria, mfanyabiashara mmoja alimpa mbwa wake jina Buhari, jina la rais wa wakati ule. Alikamatwa na kushtakiwa kwa kuhatarisha amani. Kujitetea kwake kulikuwa rahisi: yeye ni shabiki wa Buhari, na mbwa ni kitu anachokipenda, kwa hivyo amempa anachokipenda jina la anayemheshimu. Baadaye mahakama ilimwachilia, na mimi nafikiri ni vizuri iliachilia, kwa sababu polisi hawana kazi kwenye majina ya mbwa.

Lakini ukiisoma ile kesi vizuri, rais hakuwa amelalamika. Aliyelalamika alikuwa jirani, na baba mzazi wa huyo jirani aliitwa Buhari. Yaani mwenye mbwa alikuwa anatazama juu, kwa mtu mkubwa wa kwenye televisheni, huku jina likigonga mlango wa pili. Nia yake ilikuwa kichwani mwake. Jina lilikuwa hewani, linasikika na kila mtu. Nia haiwezi kutembea na jina kila linapoenda ikilieleza.

Kitu cha pili ni kigumu zaidi, na kinahusu nani anampa nani jina. Kuna kaburi Henbury, karibu na Bristol huko Uingereza, la kijana Mwafrika aliyekufa 1720 akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri mmoja mkubwa, na jina lililo juu ya kaburi ni Scipio Africanus. Scipio Africanus halisi alikuwa jemadari wa Roma, yule aliyemshinda Hannibal wa Carthage, Mwafrika. Karne ile matajiri wa Uingereza na Marekani walipenda sana kuwapa watumwa majina ya namna hii: Caesar, Pompey, Scipio. Pompey lilikuwa jina la watumwa, na lilikuwa pia jina la mbwa. Majina makubwa kabisa ya dunia yao, wakampa mtu waliyemnunua. Je, hiyo ilikuwa heshima? Hapana. Utamu wa jina ulikuwa katika umbali kati ya jina na aliyepewa. Jemadari wa Roma, njoo uchukue viatu.

Huku kwetu tuna mfano wetu. Sidi Mubarak Bombay, yule aliyewaongoza Wazungu kina Burton na Speke kwenda maziwa makuu, alikuwa Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Sidi ni jina Wahindi walilowaita Waafrika. Mubarak maana yake mbarikiwa. Bombay ni mji. Majina matatu, na hakuna hata moja alilopewa na mamake.

Nasema hivi kwa sababu kumpa kiumbe jina ni tendo la mwenye mali. Mbwa wangu hawezi kukataa. Naweza kumwita Mfalme, naweza kumwita Takataka, atatingisha mkia vilevile. Na jina kubwa juu ya kiumbe kisicho na nguvu huwa na mzaha ndani yake, hata kama hukuuweka wewe. Mtu akisikia "Kimathi!" halafu aone kijibwa kinatoka chini ya beseni na masikio yameanguka, atacheka. Hawezi kujizuia. Mimi mwenyewe nilijaribu kimoyomoyo, na nilitabasamu.

Utaniambia: shida yako ni kwamba unadharau mbwa. Na hapo una pointi. Yule simba wa Hwange nchini Zimbabwe aliyeuawa na mwindaji Mmarekani 2015 aliitwa Cecil, kwa jina la Cecil Rhodes. Dunia nzima ilimlilia, na sikusikia mtu akisema Rhodes ametusiwa kwa kupewa mnyama. Simba ni mnyama wa heshima. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza naye alikuwa na mbwa aliyeitwa Caesar, na mfalme alipokufa 1910, Caesar alitembea nyuma ya jeneza, mbele ya wafalme wa Ulaya. Hakuna aliyecheka. Kwa hivyo jina lenyewe si kitu, ila linategemea mnyama yule anatendewaje mahali alipo.

Basi tuulize: hapa kwetu, mbwa anatendewaje? Anafungiwa mchana kwenye kibanda cha mabati, anafunguliwa usiku alinde vitu visivyo vyake, anakula ugali uliobaki. Kwa majirani Waislamu wa Majengo mate yake ni najisi, na hata kwa sisi wengine neno "mbwa" likisemwa kwa mtu ni tusi ambalo linaweza kuanzisha vita kwenye baa. Watoto humrushia mawe bila kosa. Unaweza kusema, na ni kweli, kwamba hayo yote ni makosa yetu na mbwa hana hatia. Mimi naamini hivyo. Lakini jina halisubiri tujirekebishe ndipo lianze kufanya kazi. Linaanza kazi leo, kwenye mtaa ulivyo leo.

Na kuna sababu nyingine ambayo inafanya mbwa katika nchi hii asiwe mnyama tu. Ina historia, na sehemu yake iko karibu na hapa.

Oktoba 1959 jijini Nairobi, mwanamume Mwafrika aliyeitwa Kamawe Musunge alishambuliwa na mbwa wawili wa Mzungu. Akawarushia mawe kujikinga. Mwenye mbwa, Peter Poole, akampiga risasi akamuua. Poole alihukumiwa kifo na akanyongwa Agosti 1960, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Wazungu wengi walitia saini kumwombea asinyongwe. Hebu kaa na jambo hilo kidogo. Katika serikali ile ya kikoloni, ilibidi watu wabishane kama maisha ya mtu na mawe aliyomrushia mbwa yana uzito gani. Jina la Poole lipo kwenye vitabu vya historia kwa sababu alikuwa wa kwanza. Barabara yenye jina la Kamawe Musunge mimi sijawahi kuiona.

Sasa toka nje, siku isiyo na mawingu, utazame upande wa mashariki. Utauona Kilimambogo, ule mlima ambao kwenye ramani unaitwa Ol Donyo Sabuk. Kwenye mteremko wake kuna makaburi ya William Northrup McMillan, tajiri kutoka Marekani aliyekuwa na shamba kubwa la Juja, na ambaye jina lake liko hadi leo kwenye maktaba ya McMillan mjini Nairobi. Alikufa 1925. Kando yake amezikwa mkewe Lucie, amezikwa mtumishi wao Louise Decker, na amezikwa mbwa wao. Watalii hulipa kiingilio na kupanda kwenda kuona. Ni kaburi linalojulikana, lenye njia ya kulifikia.

Kimathi hana kaburi linalojulikana. Alinyongwa Kamiti na akazikwa pale bila alama. Mkewe, Mukami Kimathi, aliomba mifupa yake kwa miaka na miaka, serikali moja baada ya nyingine. Mwaka wa 2003 marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa. Mwaka wa 2007 sanamu ya Kimathi ilizinduliwa kwenye barabara yenye jina lake Nairobi, tarehe ileile ya 18 Februari. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilisema inajutia mateso yaliyofanywa na ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Mambo yote hayo yalitokea. Mukami alikufa Mei 2023, na mifupa ilikuwa haijapatikana.

Yaani ndani ya eneo ambalo unaweza kulizunguka na pikipiki kwa siku moja, mbwa wa tajiri ana kaburi na Kimathi hana. Nilipoziweka hizo habari mbili kando kwa kando, hoja yangu ya mwanzo ilianza kupata ufa. Nilikuwa nafikiri jina la Kimathi liko huru, limelala, linangoja mtu mwenye nia nzuri aliamshe. Kumbe bado lina madai. Kuna deni ambalo halijalipwa juu yake.

Aliyemaliza hoja kabisa ni shosho wa ploti yetu. Babake aliwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952, na mambo mengi ya wakati ule yeye hayazungumzi. Siku hiyo alikuwa ameketi nje anachagua maharagwe, kijibwa kikilala karibu na miguu yake.

"Umeshampa jina huyu?"

"Nafikiria Kimathi, shosho."

Hakukasirika. Nilitarajia akasirike, na ningejua la kumjibu. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, kisha akasema: "Ni sawa. Na siku ataiba nyama ya mtu, tutamfukuza tukisema nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Fikiria vizuri alichouliza. Mimi nilikuwa nimehesabu zile mara ishirini nitakazoita jina kwa upendo. Sikuhesabu mara ambazo wengine wataliita. Mbwa wa ploti ni wa ploti nzima. Atakojoa kwenye nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Atakimbiza kuku wa mama wa chumba cha nne. Na siku hiyo watu watapaza sauti: shika Kimathi, piga Kimathi, Kimathi ameingia huku, lete jiwe. Maneno hayo si mapya. Yalishasemwa na watu wenye bunduki, katika msitu, kuhusu mtu aliyewekewa zawadi juu ya kichwa chake. Walipomkamata walimpiga picha amelala kwenye machela, amefungwa pingu, na wakaisambaza ili kila mtu aone kwamba mawindo yamepatikana. Shosho alikuwa mtoto wakati huo. Alichokuwa ananiuliza, kwa sauti ya chini na bila kuacha kazi yake, ni kama nataka ayasikie tena, safari hii kutoka kwa majirani zake.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya barabara na mbwa. Barabara ya General Kago haiwezi kuiba nyama. Hakuna siku ambayo mtu ataifukuza kwa fimbo. Inaweza kusahau Kago, na imemsahau, lakini haiwezi kumweka katika nafasi ya kufukuzwa. Mbwa anaweza, kwa sababu yuko hai na sisi tuko jinsi tulivyo. Uhai ambao nilifikiri ndio unampa mbwa ubora juu ya barabara, ndio huohuo unaoweka jina hatarini.

Mtu mwingine atasema: basi rudi kwa majina ya mbali. Chukua jina la mtu mbaya, mtu wa nje, hakuna wa kuumia. Nimewahi kusikia mbwa wanaitwa Hitler, Saddam, Osama. Wenye mbwa hao wanataka mwizi aogope, na wanaona hakuna hasara, maana hapa Thika nani ni jamaa ya Hitler?

Lakini hebu chukua Osama. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipuka katika ubalozi wa Marekani Nairobi, kazi ya watu wake. Watu 213 walikufa mjini humo, wengi wao Wakenya, na majina yao yameandikwa ukutani katika bustani ya kumbukumbu pale mahali ubalozi ulipokuwa. Nairobi ni safari ya matatu moja kutoka hapa. Nani amekuhakikishia kwamba kwenye mtaa wako hakuna mjane wa siku ile, au mtu aliyepoteza macho kwa vioo? Unamwita mbwa wako saa kumi na mbili jioni, unafurahi, na nyumba ya tatu kuna mtu anafunga dirisha. Hukumjua. Ulidhani jina ni la mbali kwa sababu ulikuwa hujauliza nani yuko karibu.

Na hata Hitler. Kwamba waliouawa naye hawaishi Makongeni inamaanisha tu kwamba hakuna wa kukukatalia. Kuwa mahali ambapo hakuna wa kukukatalia si sawa na kuwa na haki.

Kwa hivyo nimefikia wapi? Sikubaliani na wale wanaosema mbwa hafai jina lolote la maana, apewe Tommy yaishe. Nampenda huyu mnyama na nataka jina lake liwe na kitu ndani. Wala sikubaliani kwamba marehemu wa historia ni mali ya kila mtu, kila mtu achote. Naona jina la mtu linabaki na wenyewe muda wote ambao kuna mtu hai ambaye bado linamuuma au ambaye bado anadai kitu kupitia kwalo. Hao ndio wa kuulizwa. Huwaulizi kwa barua. Unawauliza kwa kufikiria siku mbaya kabisa ya huyo mbwa, siku ataiba, siku atafukuzwa, siku atagongwa na probox barabarani na mtu aseme jina lake na neno "amekufa" katika sentensi moja. Kama unaweza kusimama siku hiyo mbele ya mtu ambaye jina linamhusu na usione haya, basi ita. Caesar wa Roma sijui ni nani leo atafunga dirisha kwa ajili yake. Miaka elfu mbili ni mingi. Miaka tangu 1957 si mingi. Shosho ameiishi yote.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. La Kimathi linang'aa, sina wasiwasi. Lakini kazi iliyobaki juu yake ni ya kaburi, na kazi hiyo haifanywi na mbwa, wala na mimi kwa kuita mbwa.

Kwenye kadi ya chanjo nimeandika Chania. Ni mto wetu, ule unaopita hapa mjini na kuanguka kando ya Blue Post kabla ya kukutana na mto Thika. Shule zina jina hilo, hoteli zina jina hilo, na hakuna guka yeyote atakayekuja mlangoni kuuliza. Siku mbwa akiiba nyama, watu watasema Chania ameiba, na mto hautajali. Umeshabeba mambo mazito kuliko hayo.

Watoto wa ploti waliniuliza kwa nini nimempa mbwa jina la mto. Nikawaambia ni mto unaotoka mbali, juu msituni Nyandarua. Mmoja wao, wa darasa la nne, akataka kujua huko msituni kuna nini. Nikavuta mtungi, nikaketi, nikaanza kuwaeleza ni nani walikuwa wanaishi huko, na walikuwa wanakunywa maji ya wapi. Shosho alikuwa karibu, na alinisahihisha mara mbili.